Titi la yaya halikuwa na kivimbe

Leo yaya wangu, dada yangu mkubwa, amemaliza mionzi ya kansa ya titi Kigali. Mungu asifiwe! Naandika machozi yakinitoka.

Ilianza mwaka jana. Titi la kushoto likavimba ghafla, likawa zito na lenye joto. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Lake lilikuwa kama limepigwa ngumi. Kwa kuwa alikuwa ananyonyesha, kituo cha afya kimoja kikasema ni maambukizi ya maziwa, akapewa antibiotiki. Hakuna nafuu. Akapewa nyingine. Mimi mwenyewe nilipapasa nikitafuta kivimbe, sikukipata, nikamwambia, "Yaya, tulia, hii si kansa." Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Baadaye ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikazama. Daktari mwingine hapa Bukavu alipoiona tu akaomba biopsi, yaani kukatwa kipande kidogo cha titi kikapimwe, pamoja na kipande cha ngozi. Ni kansa ya titi ya inflamatwari, ile inayovimbisha titi kama maambukizi. Ni nadra, kati ya 1 na 5 kwa kila kansa 100 za titi, lakini inakwenda mbio. Inaziba mishipa midogo ya limfu (majimaji ya mwili) kwenye ngozi, ndiyo maana titi huvimba na mara nyingi hakuna kivimbe cha kushika.

Hawakuanza na kisu. Kwanza kemoterapia, yaani dawa za kuua kansa, kisha titi lote likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, halafu mionzi.

Mama zangu, dada zangu, antibiotiki ikiisha na titi bado limevimba, ombeni biopsi. Msingoje kivimbe.

Kesho nitamngoja mpakani Ruzizi, nikiwa na mtoto wake. Siku hizi mtoto anatembea.