Gari moshi lisilotoa moshi, tena hapa Moshi

Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, nilimpeleka mpwa wangu stesheni. Alikitazama kile kichwa cha dizeli, akaniuliza: "Mjomba, mbona linaitwa gari moshi na moshi wenyewe siuoni?" Nikamwambia twende nyumbani, nikakuonyeshe.

Nina kichwa kidogo cha treni ya kuchezea ya Lionel, kampuni ya Marekani, cha miaka ya 1950, nilichoachiwa na Mmarekani niliyefanya naye kazi. Transfoma yake ni ya volti 120, kwa hiyo lazima kwanza upitishe umeme wetu wa 230 kwenye mashine ya kuupunguza. Ukisahau hilo, umekwisha.

Chini ya dohani mna chumba kidogo chenye waya wa kupasha na pamba ya nyuzi za kioo iliyoloa mafuta maalumu ya moshi. Magurudumu yakizunguka, pistoni inasukuma hewa na moshi unatoka: pfu, pfu, pfu.

Siku hiyo haukutoka. Nikaongeza mafuta. Nikaongeza tena. Dohani ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua, mafuta yakachuruzika relini, magurudumu yakateleza palepale. "Mjomba, na hii ni dizeli," akasema yule mtoto.

Fundi redio wa Mbuyuni alipima waya, mita ikasoma ohmu 16: mzima. Akakunjua vikucha vya mfuniko. Pamba ilikuwa nyeusi, ngumu kama mkaa. Kosa langu mwenyewe: miaka yote nilikuwa nakiendesha hata mafuta yakikauka, na pamba iliyoungua hainyonyi tena.

Nikajaza pamba ya duka la dawa. Dakika tatu tu, sebule nzima ikanuka kitambaa kinachoungua, mke wangu akafungua madirisha yote bila kusema neno. Jirani anayekodisha vifaa vya harusi akaniletea yale maji ya mashine ya kutoa moshi ukumbini. Nikamshukuru nikayaweka kando, maana yana maji ndani na huku kuna umeme. Mafuta ya taa sikuyafikiria hata kidogo.

Aliyeniokoa ni fundi wa majiko ya umeme, aliyenikatia nyuzi za kioo zinazozungushiwa oveni. Vaa glavu, zinawasha vibaya. Nilizichambua, nikazilaza ziguse waya bila kuubana, na tundu la hewa la pistoni nikaliacha wazi. Kulipata hilo kulinichukua majaribio manne.

Siku hizi ni matone 6 kwa bomba la sindano, kisha napuliza dohani kidogo isizibe. Moshi ukianza kufifia, naongeza au nazima. Relini napangusa kwa spiriti.

Mtia mafuta ni mpwa wangu. Anahesabu kwa sauti, na akifika sita ananitazama, kama nitamruhusu la saba.