Siku niliyoendesha 911 mbili, na goti la mjomba

Mjomba wangu alikua na Porsche 911 Carrera 3.2 ya mwaka 1985, na karibu kila ninachokijua kuhusu kuendesha gari nimekijulia ndani ya hio gari, yeye akiwa pembeni yangu kanyamaza. Sasa mwaka 2021 goti lake la kushoto likaanza kumsumbua, na la kushoto ndo la klachi, na klachi ya ile gari ni ya waya, nzito, ukikaa nayo kwenye foleni nusu saa hata kijana mzima anashuka anachechemea. Nilikua namuona akishuka anashika mlango kwanza, anasimama kidogo, ndo anaanza kutembea. Haongei chochote.

Rafiki yake mmoja alikua na 911 pia ila ya kizazi cha sasa hivi, ile inayoitwa 992, Carrera S, gia 8 zinajibadilisha zenyewe, na huyo jamaa miaka yote macho yake yako kwenye gari ya mjomba. Wakaanza kuongea habari za kubadilishana, hesabu zao wanazijua wenyewe. Mjomba akanipigia simu akaniambia mjomba (sisi tunaitana mjomba wote wawili), njoo Jumamosi asubuhi, utaendesha zote mbili njia ile ile ya mlimani, alafu uniambie ukweli, usinionee huruma.

Niseme tu wazi, nilikua nimeshakata shauri kabla hata sijafika. Nilikua naenda kumwambia abaki na gari yake. Nimelelewa kwenye ile gari, unategemea niseme nini?

Tukaanza na ya zamani. Ule mlango wake ukiufunga unalia kama unafunga kasha la chuma, mlio mfupi mkavu, na mpaka leo nikiusikia popote nageuka. Pedali zinaota kutoka chini sakafuni, hazining'inii kutoka juu kama gari nyingine, kwahiyo mguu inabidi uuzoeshe upya. Geji 5 zimepangana mbele yako, ya mizunguko ya injini ndo kubwa na iko katikati, spidi iko pembeni, yaani waliotengeneza walitaka uangalie kwanza injini inafanya nini. Swichi ya kuwashia gari iko kushoto kwa usukani, wanasema ni mambo ya mashindano ya Le Mans, dereva alikua anakimbilia gari, mkono wa kushoto unawasha wa kulia unaingiza gia.

Mjomba hakuruhusu mtu aondoke kabla oili haijapata joto, na wakati wa kusubiri ndo wakati wake wa hadithi. Siku hio akarudia ile ile ya Peter Schutz, na mi nikamsikiliza kama mara ya kwanza kwasababu ni hadithi nzuri kweli. Mwaka 1981 kampuni ilikua imeshaamua kuiua 911, 928 ndo ichukue nafasi, ile ya injini mbele ya silinda 8. Schutz ndo kwanza kaingia kuwa bosi mkuu, akaingia ofisini kwa mkuu wa uhandisi Helmuth Bott, akakuta ukutani chati ya mipango ya kila gari, na mstari wa 911 unaishia mwaka ule ule. Akachukua kalamu akauendeleza ule mstari mpaka ukatoka nje ya chati ukaingia ukutani. Bila ule mstari hii Carrera 3.2 isingezaliwa, maana ilikuja baada ya hapo, modeli ya 1984. Mjomba akifika kwenye ukuta kila mara anachora na kidole hewani, kuelekea kwenye kioo cha mbele.

Basi tukaondoka. Ile gari ina hospawa 231, uzito kama kilo 1,200, haina pawa stelingi, haina ABS ya kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, injini iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya nyuma, inapozwa na upepo wa feni na oili, hakuna rejeta, hakuna maji. Gia ya pili ikiwa bado ya baridi haitaki haraka, ukiilazimisha inakwaruza. Unaitoa, unaiacha nyutro kama pumzi moja hivi, alafu unaisukuma na vidole tu inaingia kama imekua inakusubiri. Ukiwa umesimama usukani ni mzito wa kukuumiza mabega, ila ikishatembea unakuwa mwepesi na unaanza kuongea, kila ufa wa lami unapita kwenye viganja. Na kwenye kioo cha mbele unaona zile taa mbili zimeinuka kushoto na kulia kama mabega, unajua kabisa kila tairi la mbele liko wapi.

Tulipofika karibu na juu mvua ikaanza. Sio kubwa, ile ya manyunyu inayolowesha lami ikawa kama imepakwa sabuni, ambayo ndo mbaya zaidi. Kuna kona moja ya kushoto inajifunga kadiri unavyoingia, naijua vizuri tu, lakini siku ile niliingia na spidi kidogo zaidi ya inavyotakiwa na nilipoona inajifunga mguu wangu wa kulia ukataka kuachia mafuta.

Hapo nieleze kwa asiyejua. Kwenye gari hii injini iko nyuma, ndo uzito wa gari uko huko. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona uzito unasogea mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, alafu ule mzigo wa nyuma unataka kukupita. Watu wengi sana wamezunguka na hizi gari namna hio, na wengi wao walikua wanafanya kile ambacho mwili wowote ungefanya, kuogopa na kuachia.

Niliachia. Nusu sekunde labda. Usukani ukawa mwepesi ghafla, mwepesi wa kutisha, kama umeshika kitu ambacho hakijafungwa popote, na nikasikia kwenye makalio nyuma inaanza kuondoka. Mjomba hakushika dashibodi hakupiga kelele. Akasema taratibu kabisa, "usiachie mjomba, mrudishie, mrudishie kidogo." Nikarudisha mafuta, nikafungua usukani, nyuma ikakaa chini. Ikaisha. Mkono wangu wa gia ulikua unatetemeka mpaka tunafika juu na hakuna aliyeongea neno njia nzima.

Juu jamaa alikua anatusubiri na 992. Ukiziweka pembeni pembeni unashtuka. Ya mjomba ina upana wa milimita 1,652, ile mpya 1,852, yaani sentimita 20 nzima. Tairi za nyuma za mjomba zina upana wa milimita 225, za ile ni 305 kwenye rimu za inchi 21. Uzito umepita kilo 1,500. Ila ukirudi nyuma hatua kumi ukaangalia mstari wa paa unavyoshuka mpaka taa za nyuma, ni mtu na mjukuu wake, huhitaji kuambiwa. Kuanzia ile ya kwanza iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt 1963, ikiitwa 901 kabla Peugeot, ambao magari yao ndo yalikua na majina ya namba zenye sifuri katikati, hawajalalamika, mpaka hii, ule mstari haujavunjika. Hata walipoacha kupoza injini kwa upepo na kuingia kwenye maji na kizazi cha 996 mwishoni mwa miaka ya 90, na watu wakalia kama kuna msiba, mstari ulibaki. Na mi sijawahi kuwalaumu Porsche kwa lile, sheria za kelele na moshi zilikua zinabana na zile injini za upepo zilishafika mwisho wa uwezo wake.

Nikaingia. Mlango unafunga kwa sauti nzito ya taratibu, kama jokofu. Kushoto kwa usukani kuna kitufe cha kuzungusha, hakuna funguo ya kuchomeka lakini mkono bado unaenda kushoto. Katikati bado kuna geji ya mizunguko yenye mshale wa kweli, pembeni yake zote skrini. Nilifurahi nilipoona ule mshale, nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Hospawa 450, turbo mbili. Nilikanyaga mara moja tu sehemu iliyonyooka na kavu kidogo chini ya miti, nikaachia, sikuona haja ya kurudia. Gia zinabadilika wala huhisi. Tukawa tunaongea na jamaa, ananionyesha hiki na kile, ananiuliza kazi inaendaje, mvua inapiga kioo, waipa zinajiongeza kasi zenyewe. Alafu ikatokea alama kwenye skrini kwamba lami imelowa. Nikamuuliza inajuaje, akaniambia kuna sensa ndani ya matao ya tairi za mbele zinasikiliza sauti ya maji yanavyorushwa. Zinasikiliza! Kile kitu ambacho mjomba alinifundisha kwa miaka, fungua dirisha kidogo usikie tairi zinasema nini, kuna mtu amekaa akakiweka kwenye gari. Nikazungusha kitufe cha usukani nikaweka modi ya mvua kama ilivyonishauri.

Tukageuza tukashuka, alafu tukapanda tena ile ile, mpaka kwenye ile kona ya kushoto. Nikafanya kitu ambacho sikumwambia jamaa. Niliingia na spidi ile ile ya mwanzo, na nilipofika inapojifunga nikaachia mafuta, makusudi.

Gari ikapinda. Ikatoka upande wa pili. Taa moja ndogo ya njano ikawaka na kuzima, na jamaa alikua katikati ya sentensi hakuikata hata.

Nilipaki juu pale nikakaa kidogo ndani injini imezimwa. Sikua na raha lakini pia sikuweza kujidanganya. Mtu wa miaka 68, goti limechoka, kwenye mvua, kwenye ile kona, akiwa peke yake bila mtu wa kumwambia usiachie. Nilichokua nimekuja nacho hakikua jibu la swali lake, kilikua ni hamu yangu mimi ya kuendelea kuikuta ile gari pale kwake kila nikienda.

Mjomba akaja upande wa dirisha na mwavuli, akasema "haya." Nikamwambia mjomba, ile ya kwako ndo gari ninayoipenda kuliko zote, na chukua hii. Akaniuliza kwanini, nikamwambia niliachia kwenye kona na haikufanya kitu. Akaniangalia, akaelewa kwamba nilijaribu makusudi, nikategemea anigombeze. Hakunigomba. Akauliza kitu kingine kabisa, "mlikua mnaongea mle ndani?" Nikamwambia ndio, tulipiga stori njia nzima. Akatikisa kichwa. "Kwangu hukuongea." Nikamwambia hapana sikuongea.

Akaomba aendeshe yeye. Nikakaa siti ya abiria. Na hapa ndo nilipoona kitu ambacho nadhani sitakisahau, kila gia ikijibadilisha mguu wake wa kushoto ulikua unakanyaga sakafu. Hakuna klachi pale, kuna kapeti tu, lakini mguu unakanyaga, unaachia, unakanyaga. Miaka zaidi ya 30 imo kwenye ule mguu. Karibu na chini nikaona umetulia, umekaa tu umejinyoosha, na yeye mwenyewe kaegemea siti, na tulipofika akafungua mlango akashuka moja kwa moja bila kushika kitu.

Wiki mbili baadaye wakabadilishana. Mjomba akasema ya zamani niipeleke mimi, yeye hataki. Nikaipeleka polepole, siku kavu, gia ya pili nikaisubiri pumzi yake. Jamaa akaipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, ila kitu cha kwanza alichofanya alizima injini alafu akafungua nyuma achomoe kijiti apime oili. Nikamwambia hapana, hii haipimwi hivyo. Oili yake inakaa kwenye tenki lake pembeni, ukizima inashuka kwenye injini na kipimo kinakudanganya, utaongeza mpaka uimwage. Iwe imepata moto, iwe inaunguruma, iwe sehemu tambarare. Nikaiwasha tena. Nikachomoa kijiti, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakitoa nikamwonyesha alama zile mbili na oili iko wapi kati yake, alafu nikampa kile kitambaa cha mjomba, cha bluu, nikamwambia sasa fanya wewe nione.