Yangeyange, Chatu na Nge: Safari ya Kuitazama Bando Nchini Burma

Niliwasili Yangon mwishoni mwa mwaka 2018, nikitaka kuona jinsi wapiganaji wa Burma, nchi ambayo sasa huitwa Myanmar, wanavyofuata mienendo ya wanyama katika mbinu zao. Kabla ya kuelekea kaskazini nilipita uwanja wa Thein Phyu kutazama lethwei, mchezo ambao mabondia hufunga ngumi kwa bandeji tu bila glavu, huruhusiwa kutumia viwiko, magoti na hata kichwa, na ambao kwa kanuni za jadi hauna pointi: wote wawili wakiwa bado wamesimama baada ya raundi 5, pambano ni sare. Ulikuwa mchezo mkali, lakini wanyama niliowafuata hawakuwa pale. Wao wako zaidi kwenye bando, sanaa ya jadi ya mapigano ya Burma.

Nilipanda treni hadi Mandalay, kisha gari lililokwea milima hadi Pyin Oo Lwin, mji wa baridi ambao Waingereza waliuita Maymyo na ambako, katika miaka ya 1930, maofisa wa jeshi la kikoloni waliunda klabu ya michezo iliyozikusanya na kuzipanga upya mbinu za bando. Mzee aliyenipokea, ambaye wanafunzi wake humwita saya, yaani mwalimu, alifundishia uani kwake. Orodha ya wanyama wa bando inayojulikana zaidi, iliyoenezwa Marekani na mwalimu wa sanaa hiyo Maung Gyi, ina wanyama 12: nguruwe mwitu, fahali, swila, kipiri, chatu, paa, tai, chui, nyani, yangeyange, nge na chui-milia.

Hakuna mwanafunzi aliyeunguruma wala kukunja vidole kama makucha kwa mbwembwe. Aliyeambiwa afuate fahali aliinamisha kidevu, akatanguliza bega na kumvaa mwenzake moja kwa moja. Wa nguruwe mwitu naye aliingia karibu mno, akapigana kwa viwiko na magoti, mahali ambapo ngumi ndefu haina nafasi. Chatu alinishangaza zaidi, kwa sababu mkono uliozunguka shingo haukuonekana kukaza kabisa: kifua ndicho kilichosogea mbele taratibu, na yule aliyekabwa akagonga sakafu kuomba aachiwe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo maana ya majina haya, kwamba kila mnyama ana umbali wake na hasira yake, au ukosefu wake wa hasira.

Ndiyo maana nampenda yangeyange, ingawa wageni wengi humkimbilia chui-milia na makucha yake. Ndege huyu wa mashamba ya mpunga hana nguvu ya kushindana na mtu, hivyo mbinu yake ni wepesi: kudonoa, kuruka pembeni na kuwa mbali kabla jibu halijafika.

Nge, anayefunza kubana na kushika sehemu zenye mishipa ya fahamu, mzee alikataa kumwonyesha kwa wanafunzi wadogo. Mimi alinibana kidogo tu juu ya kiwiko, kwa vidole viwili, na mkono ukaniishia nguvu hadi begani.