Cheti cha polisi cha Dubai nimekipata nikiwa Mombasa

Jamani visa ya Kanada ilinikwamisha wiki nzima nzima, kisa nilifanya kazi Dubai miaka mitatu na wao wataka cheti cha polisi (cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu) cha kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Cha hapa Kenya rahisi, waingia eCitizen, tovuti ya serikali, walipa, wapigwa alama za vidole Huduma Centre. Cha Dubai ndio kilinitoa jasho, maana ukiwa nje wanataka karatasi ya vidole igongwe muhuri na ubalozi wa Falme za Kiarabu (UAE) Nairobi, basi nikapanda SGR asubuhi na bahasha yangu, niliporudi nikaskani nikatuma mtandaoni. Kopi ya kitambulisho cha kule, ambayo mamangu aliihifadhi kwa sanduku, wallahi ndiyo iliyoniokoa. Cheti kimekuja kwa imeli.