Watoto wangu walipoacha kuja na mabegi

Mahakama ilipomaliza kazi yake, watoto walibaki kwa mama yao Kigamboni, mimi nikahamia Tabata, vyumba viwili na sebule. Sikushangaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo, na mwanangu mdogo alikuwa na miaka minne. Dada yake alikuwa darasa la tatu. Kuwatenganisha hakuna aliyetaka. Nikapewa wikiendi moja ndiyo, moja hapana, na nusu ya likizo za Juni na Desemba. Matunzo yakabaki juu yangu, maana sheria hiyohiyo inamtaka baba atunze wanawe hata kama wanakaa kwa mwingine.

Wazee walinishauri nioe haraka, au angalau nitafute dada wa kazi. Nikawashukuru, nikaenda Keko kwa mafundi samani.

Bei ya mninga ilinishinda, nikachukua paini. Niliagiza kitanda cha deka chenye droo mbili chini, kila moja na kufuli lake. Fundi akacheka: "Mtoto wa miaka minne kufuli la nini, bosi?" Nikamwambia weka tu. Mtoto anayehamahama kati ya nyumba mbili lazima awe na mahali ambapo akiacha kitu Jumapili, akirudi atakikuta hapohapo. Mdogo aliuvaa ufunguo wake shingoni kwa kamba ya kiatu. Hazina yenyewe ilikuwa vizibo vya soda na chaja iliyokufa, na mpaka leo siruhusiwi kuigusa.

Kisha nikanunua vitu vya pili: miswaki, kandambili, nguo za ndani, hata sare za shule. Ni gharama, sikatai, tena mwezi ule kodi ilikuwa inadaiwa. Ila begi la safari ndilo linalomfanya mtoto ajione mgeni kwa baba yake. Sasa wanashuka kwenye pantoni mikono mitupu.

Ugeni wenyewe haukuisha siku hiyo. Binti alikuwa akisema, "Baba, naomba maji," wakati kwa mama yake anajichotea mwenyewe. Nawajua akina baba ambao kila wikiendi ni chipsi kuku na michezo ya kulipia. Sina ugomvi nao, lakini watoto wanapumbazwa tu, hawakai nyumbani. Mimi nilifuata ya wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakapewa kazi. Kuchambua mchele, kukunja neti asubuhi, na iliyopendwa kuliko zote, kuingiza umeme. Binti husoma namba 20 za LUKU kwenye simu yangu, mdogo akiwa juu ya stuli anazibonyeza kwenye mita. "Saba, saba, nne... nimesema nne!" Wakikosea wanaanza upya, wanagombana kweli, nami sebuleni nakaa gizani nikisubiri. Ugomvi ule ulinifurahisha sana. Kwa mtu baki watoto hawagombani hivyo.

Kusuka nilijaribu, binti akaniomba niache. Msuko wa shule, ile twende kilioni, anasukwa na jirani yetu mwenye saluni, mimi nalipa na kumbebea mwamvuli.

Kuhusu mzazi mwenzangu, Jumamosi jioni watoto wanampigia, nawapa simu na kutoka nje. Wakirudi siulizi mama kasema nini wala nani alikuwepo. Mdogo aliwahi kuniuliza kwa nini hatukai wote. Nikamwambia mimi na mama tuliachana sisi wenyewe, yeye na dada yake hakuna aliyewaacha. Akafikiri kidogo, akauliza kama kuna chapati imebaki.

Sasa binti yuko darasa la sita na ameanza kuning'iniza khanga mbele ya kitanda chake cha chini. Nimemwelewa. Natafuta nyumba ya vyumba vitatu hapahapa Tabata, maana wote wawili wamekataa kuhama mtaa. Nimeona moja nzuri. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na mimi ninayo ya minne. Wiki hii narudi kumbembeleza.