Siku Moja Maishani Mwangu: Mhudumu wa Chanjo za Wasafiri, Dar es Salaam

Saa 1:30 asubuhi nilisoma kipimajoto cha jokofu, kwa kuwa umeme ulikatika usiku na chanjo ya homa ya manjano inapaswa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ilikuwa salama.

Saa 2:30 benchi lilikuwa limejaa madereva wa malori ya Lubumbashi, kwani Kongo humdai cheti kila msafiri aliyefikisha miezi 9. Kichupa chetu cha dozi 10 kikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 tu, hivyo nilisubiri watu watimie, huku nikimuuliza kila mmoja kuhusu mzio wa mayai na dawa zinazopunguza kinga, maana chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Saa 4:00 dereva mmoja aliniomba: “Dada, rudisha tarehe nyuma, mzigo umeshapakiwa.” Nilikataa. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga, na tarehe ya uongo ingemfikisha kwenye mbu wa Kongo akiwa hana kinga hiyo. Mwenzake alikuwa na kadi ya njano ya mwaka 2011, iliyoandikwa kuwa ingekwisha 2021. Huyo sikumchanja: tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti hicho, hata cha zamani, ni cha maisha yote. Inaniuma kuona watu wakilipia sindano wasiyoihitaji kwa kukosa tu mtu wa kuwaeleza.

Mchana nilijaza rejesta: namba ya toleo la chanjo, saini, mhuri.

Saa 8:00 ililetwa sampuli ya damu ya mgonjwa mwenye homa na macho ya manjano, ipelekwe maabara ya taifa. Sehemu ya historia ya chanjo katika fomu ilikuwa tupu, na hilo si jambo dogo, kwa sababu kipimo cha kingamwili za IgM (kinga za mwanzo ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi) kinaweza kuonyesha majibu chanya kwa aliyeugua na kwa aliyechanjwa karibuni vilevile. Nilimpigia daktari, naye akawauliza ndugu wa mgonjwa, wakaitafuta kadi nyumbani. Alikuwa amechanjwa mwezi uliopita. Niliandika tarehe hiyo kwenye fomu, nikafunga kisanduku cha barafu, na saa 9:30 dereva wetu akaondoka nacho.