Mstari Mweusi kwenye Plagi ya Tatu

Gari lilianza kumisi mlimani. Nilikanyaga mafuta, likasita, likarusha mabega, kisha taa ya injini ikaanza kumeta. Ingewaka tu nisingetishika sana. Ikimeta, petroli isiyoungua inamiminika kwenye ekzosi, na joto lake linaweza kuyeyusha katalisti, kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi. Nikapunguza mguu, nikajikongoja hadi nyumbani.

Nilifungua boneti injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Silinda tatu zilipiga, moja ikaruka: tu, tu, tu, kimya. Nikawa nachomoa soketi za koili, zile zinazoipa kila plagi umeme wa cheche, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, mtetemo ukazidi. Ya pili, vilevile. Ya tatu nikaichomoa, hakuna kilichobadilika. Basi mgonjwa ni huyo. Mashine ya kupimia nayo ikatoa namba ya hitilafu P0303, na tarakimu ya mwisho ndiyo silinda yenyewe.

Kaka yangu, aliyenifundisha kushika spana, hakuniruhusu kamwe kugusa plagi injini ikiwa ya moto, kwa sababu nyuzi za aluminiamu ambamo plagi hukazwa huharibika upesi. Nikasubiri ipoe. Nilipoitoa koili, shimo la plagi lilikuwa limetuama oili. Niliikausha kwanza kwa kitambaa kilichozungushiwa bisibisi, maana ukifungua plagi kabla ya hapo oili yote inaingia kwenye silinda. Plagi ikatoka na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ukishuka juu ya kauri nyeupe mpaka kwenye chuma. Umeme ulikuwa umejichongea njia ya mkato pembeni, hauruki tena kwenye ncha. Nilifurahi mno. Nikafunga plagi mpya nne, nikizianzisha kwa vidole, injini ikatulia.

Siku tatu tu. Siku ya nne, mlima uleule, kumisi kulekule. Iliniuma kweli.

Nikampigia kaka. Hakunilaumu. Aliuliza swali moja: "Mdogo wangu, ndani ya mpira wa koili ulimulika?"

Sikuwa nimeumulika mpira huo unaoivaa plagi. Nikabadilisha nafasi za koili ya tatu na ya kwanza, nikarudi mlimani, kwani huko injini inabeba mzigo na cheche inahitaji nguvu zaidi. Hitilafu ikahama: P0301. Sasa nikaukunja mdomo wa ule mpira na kuingiza tochi. Mstari wa kijivu ulikuwa humo, pacha wa ule wa kwenye plagi. Plagi mpya ya silinda ya tatu nayo ilikwisha kuchorwa wake, hafifu kama wa penseli.

Nilinunua koili na plagi nyingine. Kisha nikaikabili kazi niliyokuwa naikwepa, kuziba oili ilikotoka, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Gasketi ya kava ya tapeti, mfuniko wa juu wa injini, na pete za mpira zinazozunguka mashimo ya plagi zilikuwa zimekauka kama plastiki, nilipozikunja zilikatika. Kukwangua mabaki yake bila kuukwaruza uso wa aluminiamu kulinila mchana mzima.

Jioni nikawasha, nikampigia tena kaka. Akaniambia nisogeze simu karibu na injini. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Nazisikia zote nne," akasema.